Mita Iliyorudi Nyuma

Msomaji, ikiwa hujapata kuona mita ya umeme ya zamani, mwombe mzee aliyekaa mjini akueleze ilivyokuwa. Ilikuwa sanduku jeusi lenye dirisha la kioo, na nyuma ya kioo hicho kulikuwa na kisahani chembamba cha alumini kilichozunguka polepole. Taa moja ikiwashwa, kisahani kilitambaa. Pasi ikiwashwa, kilikimbia. Kila mzunguko ulihesabiwa kwa tarakimu zilizokuwa juu yake. Mwisho wa mwezi alikuja karani wa kampuni, akazisoma tarakimu zile, na bili ikaandikwa. Mita nyingi za majumbani katika Kenya ya leo ni za tokeni, wala hazina kisahani. Lakini nataka tukirudie kisahani kile, kwa sababu kilipata kufanya jambo ambalo waliokiunda hawakulikusudia: kilizunguka kinyume.

Kutokana na mzunguko ule wa kinyume zilizaliwa sheria, faida kubwa, na ugomvi ambao haujakwisha hata leo. Swali la ugomvi huo ni jepesi kuuliza na zito kujibu. Jua ni la watu wote, na waya wa umeme hutumiwa na wengi. Basi mtu akivuna jua juu ya paa lake na kupeleka umeme wake katika waya ule, alipwe kiasi gani, na kwa fedha za nani? Swali hili limekwisha kupiga hodi katika nchi yetu. Yafaa, basi, tujue wenzetu waliolikabili kabla yetu walilijibu vipi, na jibu lao liliwaletea nini.

Tuanze na paneli yenyewe. Tarehe 25 Aprili 1954, wataalamu watatu wa maabara ya Bell katika Marekani, yaani Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson, walionyesha mbele ya watu kipande cha silikoni kilichogeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Silikoni hupatikana katika mchanga, na mchanga umejaa duniani. Hata hivyo kuisafisha kulikuwa kazi ya gharama kubwa mno. Katika kila sehemu 100 za nguvu ya jua, kipande kile kiligeuza sehemu 6 tu kuwa umeme. Mwaka wa 1956 Chapin alikadiria kwamba wati moja ya umeme wa namna hiyo ingegharimu dola 286. Piga hesabu mwenyewe: taa moja ya wati 60 ingehitaji paneli za dola zaidi ya 17,000. Hapana mwenye nyumba ambaye angethubutu. Kwa hiyo paneli zilikwenda mahali ambapo waya haungeweza kufika kabisa, nako ni angani. Mwezi wa Machi 1958 setilaiti ndogo iitwayo Vanguard 1 ilirushwa ikiwa imevaa paneli za jua, na kwa miaka mingi kazi kubwa ya paneli ikawa ni hiyo.

Kilichozishusha paneli kutoka angani hadi mapaani ni mafuta. Mwishoni mwa mwaka wa 1973 nchi za Kiarabu zilizuia mafuta yao yasiende Marekani na kwa baadhi ya rafiki zake, na katika muda wa miezi michache bei ya pipa ikapanda kutoka dola 3 hivi hadi karibu dola 12. Mataifa yaliyozoea mafuta rahisi yalishtuka kama mtu aliyeamka na kukuta kisima kimekauka. Mwaka wa 1978 Bunge la Marekani lilitunga sheria iliyolazimisha kampuni za umeme kununua umeme wa wazalishaji wadogo. Mwezi wa Juni 1979 Rais Jimmy Carter alizindua mabamba 32 ya kupashia maji moto kwa jua juu ya paa la Ikulu yake. Mwaka wa 1986, Rais Ronald Reagan akiwa madarakani, mabamba yale yaliteremshwa wakati paa lilipokuwa likitengenezwa, wala hayakurudishwa. Likumbuke jambo hilo, msomaji, maana litajirudia katika habari hizi: msaada utolewao na serikali moja unaweza kuondolewa na serikali nyingine.

Katika mwaka ule ule wa 1979, katika jimbo la Massachusetts, jengo moja la kupangisha na nyumba moja ya majaribio viliwekewa paneli na kuunganishwa na waya wa kampuni. Mchana, jua lilipokuwa kali na matumizi kuwa machache, umeme ulizidi mahitaji ya nyumba. Umeme uliozidi haukai, hutafuta njia. Ulitoka nje kwa waya ule ule ulioletea nyumba umeme usiku, na ulipopita katika mita, kisahani kilizunguka kinyume, na tarakimu zikapungua. Usiku ulipoingia, kisahani kiligeuka kikaenda mbele kama kawaida. Mwisho wa mwezi mwenye nyumba alilipia tofauti tu kati ya alichochukua na alichotoa. Hivyo ndivyo ulivyoanza mpango wa kulipia salio. Mwaka wa 1983 jimbo la Minnesota liliutia mpango huo katika sheria, kwa kila mwenye mtambo usiofikia kilowati 40.

Ili uelewe vema uzuri wa mpango huu na ila yake, fikiri habari za mahindi. Mkulima wa Trans Nzoia amevuna gunia 10, naye hana ghala. Jirani yake ana ghala kubwa lenye paa zuri, dawa ya wadudu na mlinzi. Wakapatana hivi: mkulima alete gunia zake wakati wa mavuno, na wakati wa uhaba achukue gunia 10 vile vile, asilipe chochote. Gunia kwa gunia. Je, si mapatano mema? Kwa mkulima ni mema sana. Lakini mwenye ghala atasema mambo mawili. La kwanza, ghala lina gharama, na mlinzi hula. La pili, gunia la wakati wa mavuno, ambapo kila mtu ana mahindi, si sawa kwa bei na gunia la wakati wa uhaba. Mita iliyorudi nyuma haikuyajua mambo hayo mawili. Ilihesabu uniti kwa uniti, ya adhuhuri sawa na ya magharibi, na waya ilikuwa ghala la bure.

Wakati huo hapana aliyejali sana, kwa sababu wenye paneli walikuwa wachache. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Umeme wa jua ulikuwa mgeni, na mgeni hakaribishwi kwa hesabu. Watunga sheria walijua kwamba kitu kipya hakiwezi kushindana mara moja na kitu cha zamani kilichokwisha kulipiwa mitambo yake. Walitaka mgeni apate kiti, anywe maji, apumzike. Ugumu wa habari hizi zote ni kujua siku ya tatu inafika lini.

Sasa tuvuke bahari twende Ujerumani, maana huko walifuata njia nyingine, na njia yao ilibadili bei ya paneli kwa dunia nzima. Wajerumani hawakutegemea kisahani kirudi nyuma. Walipima kwa mbali umeme uliotoka paani. Kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2000, mtu aliyeweka paneli juu ya paa aliahidiwa pfenigi 99 kwa kila uniti aliyoitoa, kwa muda wa miaka 20. Bei hiyo ilizidi mara kadhaa ile ambayo yeye mwenyewe alilipa kwa umeme alionunua. Walioingia baadaye waliahidiwa kidogo zaidi, na waliofuata kidogo kuliko hao, ili wenye viwanda walazimike kupunguza gharama mwaka hata mwaka. Fedha hazikutoka katika kodi, bali katika nyongeza ndogo iliyotiwa katika bili ya kila mtumiaji wa umeme.

Matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko walivyotazamia wenyewe. Wakulima waliezeka mabanda ya ng'ombe kwa paneli, na viwanda vilijengwa kwa haraka, kwanza Ujerumani kwenyewe, kisha kwa wingi zaidi katika China. Kila kilichotengenezwa kwa wingi kikawa rahisi zaidi. Katika muda wa miaka kumi baada ya 2010 bei ya paneli duniani ilishuka kwa karibu sehemu tisa katika kumi. Lakini ahadi za miaka 20 hazikushuka pamoja na bei. Nyongeza iliyoanza kama tone ilifika senti 6.24 za yuro kwa kila uniti katika mwaka wa 2014. Viwanda vingi vikubwa vilivyotumia umeme kwa wingi vilipunguziwa mzigo huo kwa hofu kwamba vingehama. Mpangaji wa chumba kimoja hakupunguziwa. Naye hakuwa na paa la kuwekea paneli. Mwezi wa Julai 2022 nyongeza ile iliondolewa katika bili, na gharama ikahamishiwa katika hazina ya serikali.

Je, Wajerumani walikosea? Usikimbilie kujibu. Paneli ambayo leo mfanyabiashara wa Nairobi aweza kuiagiza kwa bei ambayo Chapin hangeiota ilipata urahisi wake kwa sehemu kubwa kutokana na bili za watu wale. Twaweza kusema kwamba walilipa karo ambayo dunia nzima imesomea. Hata hivyo, mzigo ule haukugawanywa kwa haki kati ya mwenye nyumba na mpangaji. Jambo moja laweza kuwa jema kwa ulimwengu na zito kwa maskini wa mahali lilipoanzia. Mwanafunzi wa historia lazima ajifunze kuyashika mambo hayo mawili kwa pamoja, asiangushe hata moja.

Turudi Marekani, katika jimbo la California, ambako mita ya kurudi nyuma ilifikishwa mwisho wake. Sheria ya jimbo hilo ya mwaka wa 1995 iliruhusu mpango wa kulipia salio kwa mitambo isiyozidi kilowati 10, tena kwa kiasi kidogo sana: sehemu moja tu katika 1,000 ya umeme utakiwao wakati wa matumizi makubwa. Baadaye mipaka hiyo ilisogezwa mara kwa mara. Mwaka wa 2006 serikali ya jimbo, chini ya Gavana Arnold Schwarzenegger, iliongeza ruzuku ya fedha taslimu kwa walioweka paneli. Ruzuku hiyo ilipangwa kwa ngazi: kadiri paneli zilivyozidi kuwekwa, ndivyo ilivyoshuka, mpaka ikaisha. Serikali kuu nayo ilikuwa imepitisha, mwaka wa 2005, sheria ya kumrudishia mwenye nyumba katika kodi yake sehemu 30 katika kila 100 za gharama. Mwisho wa mwaka wa 2019 California ilihesabu mapaa milioni moja yenye paneli.

Mgeni alikuwa amekwisha kuwa mwenyeji, na hapo zile gharama za ghala zikaonekana. Wasimamizi wa gridi walichora mchoro wa umeme waliotakiwa kuutafuta kila saa ya siku. Asubuhi mstari ulikuwa juu kidogo. Adhuhuri ulizama kama tumbo, kwa kuwa mapaa yalijitosheleza. Jua lilipotua ulipanda ghafula kama shingo. Wakauita mchoro wa bata. Adhuhuri umeme ulijaa hata ukakosa mnunuzi, na saa moja ya usiku kila mtu aliutaka kwa pamoja. Lakini hesabu ya salio iliendelea kuulipa umeme wa adhuhuri kwa bei ya rejareja.

Hesabu ya pili ni ya nguzo na nyaya. Tuseme mtaa wenye nyumba 10 wagawana kila mwezi shilingi 10,000 za nguzo, nyaya, transfoma na mafundi, yaani shilingi 1,000 kila nyumba. Nyumba moja ikiweka paneli na bili yake ikawa sifuri, nyumba 9 zilizobaki zitalipa shilingi 1,111 kila moja. Ni ongezeko dogo; majirani watavumilia. Zikiweka nyumba 5, zilizobaki zitalipa shilingi 2,000. Zikiweka 8, nyumba mbili za mwisho zitalipa shilingi 5,000 kila moja. Na hizo mbili ni za nani? Aghalabu ni za mpangaji asiye na paa, na za mjane asiyepata mkopo wa benki. Nguzo ni zile zile, na wale wanane nao wangali wakizitumia kila usiku.

Haifai, hata hivyo, tusikilize upande mmoja tu. Wenye paneli nao walikuwa na hoja. Walisema: sisi tulitoa akiba zetu kununua mitambo ambayo kampuni ingelazimika kuijenga, umeme wetu hutumiwa na jirani wa karibu, haupotei katika safari ya maili mia, moshi umepungua, na ardhi ya shamba haikuchukuliwa. Tena, walisema, kampuni iliyozoea kuuza peke yake haiwezi kumpenda mteja ajitoshelezaye, na huruma yake kwa maskini huenda ikawa huruma ya fisi kwa mwana-kondoo. Katika hoja hizi mna ukweli mwingi. Yeyote akuambiaye kwamba upande mmoja ulikuwa wa wezi na mwingine wa watakatifu, huyo hasimulii historia.

Tarehe 15 Desemba 2022 tume ya jimbo isimamiayo huduma hizo ilitoa uamuzi. Waliotuma maombi baada ya tarehe 14 Aprili 2023 hawangelipwa tena uniti kwa uniti; umeme wao ungelipwa kwa thamani yake saa ile ulipotolewa, na kwa wastani malipo yakashuka kwa karibu robo tatu. Wale wa zamani waliachiwa masharti yao hadi miaka 20 yao itimie. Kazi ya kuweka paneli ilianguka kwa kishindo, na mafundi wengi wakakosa ajira. Walioendelea kuweka paneli walianza kununua pamoja nazo betri, ili waihifadhi adhuhuri yao mpaka usiku. Serikali kuu nayo ikageuka: ule msamaha wa kodi kwa wenye nyumba, ambao mwaka wa 2022 ulikuwa umeahidiwa miaka mingi mbele, ulifutwa kwa sheria ya Julai 2025 na kukoma tarehe 31 Desemba 2025. Siku ya tatu ilifika ghafula, na jembe likatupwa badala ya kukabidhiwa.

Sasa, msomaji, yatazame mambo ya kwetu. Kenya haikuanza na ruzuku. Katikati ya miaka ya 1980 mhandisi Mmarekani Harold Burris na mwalimu wa kujitolea Mark Hankins walisaidia kuwasha taa za jua katika shule ya Harambee ya Karamugi, upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Waliojionea waliiga. Walimu na wakulima wa kahawa na chai walinunua paneli ndogo na betri ya gari kwa fedha zao wenyewe, kwa ajili ya taa, redio na televisheni. Hawakuwa na mita ya kurudi nyuma, kwa sababu hawakuwa na mita, waya haukuwafikia.

Siku hizi waya umefika mbali, na swali limeufuata. Sheria ya Nishati ya mwaka wa 2019 ilimruhusu mtumiaji mwenye mtambo usiozidi megawati moja kuomba mapatano ya kulipia salio, na kanuni zake zilitangazwa mwaka wa 2024. Nasi pia tumeonja msaada unaokuja na kuondoka: mwaka wa 2020 vifaa vingi vya jua vilitozwa VAT, na mwaka uliofuata msamaha ukarudishwa. Tena hali yetu ina jambo lake la pekee. Tangu Aprili 2023 mwenye nyumba atumiaye uniti zisizozidi 30 kwa mwezi hutozwa bei nafuu, na unafuu huo hubebwa kwa sehemu na watumiaji wakubwa. Watumiaji hao wakubwa ndio wenye mapaa mapana na fedha za kununua paneli. Wakiondoka katika hesabu, ni nani atakayembebea mama wa taa tatu? Na kama tukiwakataza wasivune jua, tutakuwa tumewatetea maskini, au tutakuwa tumeizimisha taa ya mmoja ili wote tukae gizani?

Jibu haliwezi kuchukuliwa California wala Ujerumani na kubandikwa hapa kama stempu. Lakini yako mafunzo matatu ambayo wenzetu waliyanunua ghali, nasi twaweza kuyapata bure. Msaada kwa kitu kipya ni halali, ila utangazwe tangu mwanzo utapungua kwa ngazi zipi. Umeme ulipwe kwa kadiri ya saa unayohitajiwa, maana gunia la mavuno si gunia la uhaba. Na kabla ya kuandika sheria, ahesabiwe kwanza yule asiye na paa.

Huenda wewe usomaye leo ndiwe utakayekaa kesho katika meza ya kuandika kanuni hizo, au utakayepanda ngazi kufunga paneli, au utakayekuwa mpangaji wa nyumba ya mwisho mtaani. Kile kisahani cha alumini hakikujua haki. Kilijua kwenda mbele na kurudi nyuma tu. Haki yataka mtu wa kuipima.